Mtu wa Mwisho Hahesabiwi

Kerubo hakuwahi kumhesabu mtu wa mwisho. Ukimuuliza tuko wangapi chumbani, angepitisha macho usoni kwa kila mmoja wetu, kidole gumba kikigonga ubavu wa kidole cha shahada, kisha angesema, "Tuko sita na mwenzetu." Ukimuuliza ana watoto wangapi, angejibu, "Wesley na mwingine." Huyo mwingine alikuwa na jina, na picha yake ilibandikwa ukutani juu ya kitanda cha mama yake, lakini kwenye hesabu aliachwa nje kila mara.

Alifundishwa na mama yake, huko Kisii. Ukihesabu mifugo ikaisha, au watoto wakaisha, umemwonyesha asiyekutakia mema pa kuanzia kupunguza. Acha mmoja. Yule asiyehesabiwa ndiye anayewalinda waliohesabiwa.

Nililala naye chumba kimoja Abu Hamour, hapa Doha, miaka saba. Mimi ni Mtanzania, na nilikuwa nafundisha chekechea, kwa hiyo hakuniita kwa jina, aliniita mwalimu, hata tulipogombana juu ya sufuria. Alifika Doha mwaka 2006 kufanya kazi za nyumbani kwa familia moja Al Rayyan. Mama mwenye nyumba alimpenda kwa usafi wake, lakini jambo moja lilimshinda kuelewa. Kila akiambiwa kuna wageni kumi, Kerubo alileta vikombe tisa, kisha akarudi jikoni kuleta kimoja peke yake, kana kwamba kimetoka nyumba nyingine. "Nilimwambia miguu yangu inapenda mazoezi," alinisimulia. "Akasema basi, nioshe na ngazi za juu."

Mwaka 2008 alipata kazi Jabali Jeupe. Hiyo ilikuwa kampuni yenye milima miwili katika nchi za baridi, ambako watu hulipa ili wateremke kwenye theluji wakiwa wamefunga mbao miguuni. Hapa Doha ilikuwa na ukumbi mmoja ndani ya duka kubwa, wenye mteremko wa theluji iliyotengenezwa na mitambo. Nje lami ilikuwa ikilainika kwa jua, ndani watoto walivaa glavu. Wafanyakazi waliuita Friji.

Kazi ya Kerubo ilikuwa kukaa langoni na kuhesabu wanaoingia. Waliingia kwa makundi, kundi moja kila saa, na yeye alishika kimashine cha chuma kinachotosha kiganjani, akikibonyeza kwa kidole gumba kila mtu alipopita. Kundi la mwisho la siku lilipoingia, mtu wa mwisho wa kundi hilo alipita bila kubonyezewa. Halafu Kerubo alijaza karatasi ya siku. Ilikuwa na visanduku viwili: tiketi zilizouzwa, ambacho kilijazwa na dirisha la tiketi, na watu walioingia, ambacho kilikuwa chake. Alitia saini. Karatasi nyeupe ilikwenda ofisi ya hesabu, nakala ya njano ilibaki kwenye jalada langoni.

Kila siku karatasi yake ilipungua moja. Tiketi mia tisa kumi na moja, watu mia tisa na kumi. Ofisi ilimbadilishia kimashine mara mbili. Upungufu ulipobaki palepale, mhasibu mmoja aliandika kwa penseli pembeni, "Pungufu ya moja, kawaida," na mambo yakaenda hivyo miaka sita.

Kila miezi mitatu kampuni ilitoa taarifa ya hesabu kwa wenye hisa wake, na nakala yake ilibandikwa kwenye ubao karibu na chumba cha kubadilishia nguo. Hakuna aliyeisoma isipokuwa Kerubo. Aliomba nakala, akaileta nyumbani, na Ijumaa iliyofuata, tukitoka misa ya alfajiri kanisani Mesaimeer, tulikaa na chai mimi nikimfasiria. Duka kubwa halikufunguliwa Ijumaa mpaka baada ya swala ya mchana, kwa hiyo tulikuwa na nafasi. Nilimsomea mapato ya robo mwaka, gharama za umeme, theluji iliyochelewa kudondoka kwenye milima yao, faida iliyopanda au kushuka. Alisikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza habari za ukoo wa mwingine. Lakini nikifika kwenye idadi ya waliotembelea ukumbi wa Doha, alinyanyua mkono.

"Soma tena hapo."

Nilisoma tena.

"Hao ni wangu," alisema, na kidole gumba chake kilitikisika kidogo juu ya goti.

Mwaka 2012 alimleta Stacy, mtoto wa marehemu dada yake. Alimtafutia nafasi palepale langoni, kuchana tiketi. Yule binti alikuwa mcheshi. Alimwita Kerubo anti, na akipita mtu mnene sana alinong'ona, "Anti, huyo bonyeza mara mbili." Kerubo alijifanya hajasikia, ila nyumbani alitusimulia akicheka mpaka machozi. Stacy alikuwa amechumbiwa na fundi wa umeme wa Keroka, na alikuwa akinunua sahani za harusi moja moja.

Msimamizi wao wa lango alikuwa Githinji, mwanamume wa Murang'a aliyefika mwaka 2011. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Mkenya akifiwa, yeye ndiye aliyezungusha karatasi ya mchango. Alisimama vizuri kanisani, alijua majina ya watu wote. Kerubo alimheshimu kwa kuwa alipandishwa cheo bila kubadilisha sauti.

Kilichowaharibia ni mwandamo wa mwezi. Mwaka wa hesabu wa Jabali Jeupe haukuanza Januari. Ulifungwa mwisho wa Julai, kwa sababu ya milima yao, ili msimu wa baridi usikatwe katikati. Robo ya kwanza ikawa Agosti mpaka Oktoba. Mwaka 2013 Sikukuu ya Idi baada ya Ramadhani iliangukia Agosti, ukumbi ukafurika, na robo ile ikang'aa. Mwaka 2014 Idi ilikuja siku kumi na moja mapema, ikaangukia mwisho wa Julai. Ule umati ukaandikwa kwenye mwaka uliokwisha. Robo mpya ikaanza na ukumbi mtupu. Kwa yeyote anayefunga Ramadhani, hilo halikuwa fumbo. Lakini wakubwa wa kampuni walikaa mbali, na walitaka tu idadi isishuke chini ya elfu themanini na tano. Msimamizi akiifikisha, atapanda. Asipoifikisha, watatafuta mwingine.

Agosti hiyo Githinji alimwita Kerubo.

"Mama Wesley, hujaenda nyumbani miaka mingapi?"

"Mitatu na kidogo."

"Nenda Septemba. Wiki nne. Kibali cha kutoka nchini nitakushughulikia mimi."

Kerubo alirudi chumbani akiimba. Siku moja kabla ya safari Githinji alimpa karatasi ishirini na nne, moja kwa kila siku ya kazi ya wiki hizo nne, Jumapili zikiwa zimeondolewa kwa kuwa ukumbi ulifungwa kutengenezwa theluji. Alimwambia ofisi ya hesabu inataka saini moja kwa robo nzima, wasije wakachanganyikiwa, kwa hiyo atie saini kabisa, naye atamjazia.

"Ukasaini?" nilimuuliza akifunga sanduku.

"Ni Mkenya mwenzangu, mwalimu."

"Angekuwa Mtanzania?"

"Mtanzania angeniomba kwa upole mpaka nisaini hamsini."

Tulicheka. Nakumbuka tulivyocheka.

Alirudi Oktoba, amenenepa, na mfuko wa wimbi. Novemba, ofisi ya hesabu ilipofunga vitabu vya robo, iliona jambo ambalo halijawahi kuonekana. Watu walioingia walikuwa 85,640. Tiketi zilizouzwa zilikuwa 81,955. Watu 3,685 walikuwa wameteleza kwenye theluji bila tiketi.

Githinji hakusita. Alisema kuna mtu mmoja tu anayesimama kati ya tiketi na lango, ni yule anayechana tiketi. Bila shaka alipokea fedha mkononi na kuwapitisha watu. Stacy alipokataa, alimwekea karatasi mezani.

"Mimi sikuhesabu," alimwambia. "Si ni anti yako amesaini?"

Stacy alipewa siku mbili. Alipakia nguo zake kitandani kwangu, kwa kuwa kitanda cha Kerubo hakutaka kukigusa. Kerubo alisimama mlangoni na sare yake ya kazi.

"Stacy, sikuwepo. Mwezi ule sikuwepo. Unajua sikuwepo."

"Najua, anti. Na saini ilikuwepo." Alifunga zipu. "Sasa ulikuwa unahesabu nini miaka hii yote?"

Sahani za harusi alituachia. Huko Keroka habari ilimtangulia kwamba amefukuzwa Uarabuni kwa wizi, na yule fundi wa umeme akaanza kuchelewa kupokea simu, kisha akaacha kabisa. Stacy naye akaacha kupokea simu za Kerubo.

Kerubo alikwenda kwa Githinji wiki ileile. Alimkuta akila wali kwenye chumba cha wafanyakazi.

"Nitasema ulinisainisha karatasi tupu," alimwambia.

"Sema." Aliendelea kula. "Wakuulize, wewe mama mzima, ulisaini karatasi tupu kwa nini? Mtaondoka wawili badala ya mmoja. Wesley yuko fomu ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Basi mwache amalize. Hii kitu itapoa."

Ijumaa iliyofuata Kerubo alileta jalada la nakala za njano limefungwa ndani ya kanga. Alizipanga sakafuni, mimi nikimtazama, mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la siku hamsini na tano, mwandiko wake. Kila karatasi ilipungua moja. Fungu la pili lilikuwa la siku ishirini na nne, mwandiko wa Githinji juu, saini ya Kerubo chini. Kila karatasi ilizidi: mia na thelathini, mia na hamsini, mia na tisini.

"Stacy alisimama langoni siku zote hizi sabini na tisa," alisema. "Kama ni mwizi, mbona aliiba nikiwa Kisii tu? Nikirudi, inapungua moja. Ile yangu."

Nilimtazama. Ndipo nilipojua kwamba ule upungufu haukuwa ubovu wa kimashine.

"Kila siku? Ulimwacha mtu kila siku?"

"Wa mwisho. Nijiletee mkosi kwa ajili ya kazi? Ningehesabu binadamu wakaisha, kila siku ya Mungu?"

"Basi zipeleke ofisini. Ushahidi ndio huu."

Alianza kukusanya karatasi zake, pole pole, akizipanga pembe kwa pembe.

"Nikizipeleka sasa, mimi nitafukuzwa na yeye atapewa barua ya onyo. Msimamizi wa lango ni nani? Yuko chini, mwalimu. Aliye chini akianguka haumii. Mwache apande."

"Na Stacy je?"

Alilifunga jalada ndani ya kanga. Jambo hilo limenikaa mpaka leo. Alikuwa na sababu mbili, na zote zilikuwa za kweli: Wesley alibakiza mwaka mmoja, na Githinji alibakiza ngazi chache. Sikuweza kujua ipi ilikuwa ikimshikilia zaidi. Mwaka mzima Stacy aliishi na jina la mwizi, na aliyeweza kulisafisha alikuwa amelala kitanda cha pili kutoka kwangu, jalada likiwa chini ya godoro.

Mwaka 2015 tulisoma taarifa za robo mwaka kwa makini kuliko zamani. Kerubo alizingoja kama mtu anayengoja ugali uive. Katika moja wakubwa walisifu "usimamizi wa ukumbi wa Doha uliostahimili kipindi kigumu." Nilipofasiri maneno hayo alitabasamu.

"Wamsifu. Soma tena."

Na alimsaidia. Hilo wengi hawakuliona. Yeye ndiye aliyemshauri Githinji apange makundi ya shule asubuhi, ambapo ukumbi ulikuwa mtupu, na idadi ikapanda, idadi ya kweli. Alimbebea chai. Alimwita bosi. Aprili Githinji akawa meneja wa ukumbi mzima, akapata gari na nyumba, na akapata ruhusa ya kuleta familia yake.

"Sasa anajenga," Kerubo alisema siku hiyo, akinyoosha sare yake kwa pasi. "Aweke na madirisha."

Mke wa Githinji aliitwa Emily. Alifika Agosti na watoto watatu, na Ijumaa yao ya kwanza tuliwakuta Mesaimeer, uani, watu wakitoka misa ya Kiswahili na kupishana na Wafilipino wanaoingia. Kerubo alikuwa amewaandalia mandazi, chombo kizima, na aliyafunika kwa kitambaa alichokidarizi yeye mwenyewe.

"Karibuni Doha," alisema. "Mko wangapi?"

"Si unatuona," Emily alijibu, akicheka. Alikuwa mwanamke wa Nairobi, mchangamfu, amevaa viatu vya kuumiza. "Jeshi lote ndilo hili."

Kerubo aliinama. Akamwekea mkono kichwani mkubwa. "Moja." Akamwekea wa pili. "Mbili." Akamwekea mdogo, kasichana kalikokuwa kakimwaga unga wa andazi kifuani. "Tatu." Akainuka, akamgusa Emily bega. "Na mama yao, nne."

Githinji alikuwa akija kutoka kwenye maegesho, funguo mkononi. Alisimama ghafla.

"Kerubo. Wacha hiyo."

"Na baba yao, tano." Alimtazama usoni. "Mmeisha."

Nilikuwa nimeishi naye miaka sita na sikuwahi kumsikia akifikisha hesabu mwisho.

"Kwani nini?" Emily alimuuliza mumewe. "Mbona umekauka? Anatuhesabu tu."

"Kwetu watu hawahesabiwi hivyo," Githinji alisema, taratibu. Hata huko Murang'a mama zao waliwafundisha. Mkewe alikulia mjini, hakujua. Wao wawili walijua.

"Si wewe ndiye bosi wangu wa kuhesabu watu?" Kerubo alisema. "Ama nimekosea idadi?"

Alimpa Emily chombo cha mandazi, akamwambia asijisumbue kukirudisha.

Ndani ya basi nilimwambia, "Wale ni watoto."

"Stacy ni mtoto wa nani?"

"Wa dada yako."

"Na dada yangu yuko wapi?" Aligeukia dirisha. "Nyinyi Watanzania mnasubiri kukaribishwa hata kwenye ugomvi. Kaa hapo, nitakukaribisha."

Alinikaribisha Desemba. Wesley alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Kampuni ilikuwa inajiandaa kuuza hisa zaidi, na wakubwa walituma mkaguzi kutoka makao makuu apitie vitabu vya miaka mitatu kabla ya kuuza. Kerubo alisikia kwamba mkaguzi ameuliza juu ya watu wale 3,685. Siku hiyohiyo alikaa kitandani na jalada lake, akaniambia nichukue kalamu.

Nilimwandikia barua kwa Kiingereza. Pale aliposema Githinji "alimsingizia yatima na kumfukuza nchini," nilijaribu kuweka maneno mepesi.

"Usiweke sukari," alisema. "Na andika kwamba nilisaini mimi."

"Nikiandika hivyo unajiondoa mwenyewe."

"Nimesema andika."

Nikaandika. Kwenye hilo nami nina mkono wangu, sikatai.

Yaliyotokea ofisini alinisimulia jioni ile, akiwa bado na koti la Friji. Mkaguzi alikuwa mzee mrefu, mpole. Alisoma barua mara mbili, akamwita Githinji. Githinji alisema saini ni ya Kerubo, kila mtu anaiona. Kerubo akasema naam, ni yangu, akafungua pasipoti kwenye mihuri. Ametoka Doha Septemba, amerudi Oktoba. Kwa karatasi zile, ametia saini Doha siku ishirini na nne alizokuwa Kisii.

"Na hii pungufu ya moja?" mkaguzi aliuliza. "Hii ni nini?"

"Ni mimi."

"Ni wewe vipi?"

"Siku ambayo imepungua moja, mimi ndiye niliyehesabu. Siku ambayo haijapungua, siyo mimi."

Mkaguzi aliagiza majalada ya zamani. Akachomoa la 2010, akafungua popote. Pungufu ya moja. La 2012, pungufu ya moja. La 2009. Alivua miwani, akamuuliza kama anaelewa kwamba kwa miaka yote hiyo kampuni imewatangazia wenye hisa idadi isiyo kamili.

"Mtu mmoja kwa siku, bwana," Kerubo alimjibu. "Huyo nilimwachia Mungu."

Kwenye ujia, Githinji alimsubiri. Hakupaza sauti.

"Umejimaliza na wewe."

"Najua."

"Ungeniambia tu. Tungeongea."

"Nilikuambia. Ulikuwa unakula wali."

Githinji aliondoka Doha wiki moja kabla ya Krismasi, na familia yake yote. Nyumba ilirudishwa, gari likarudishwa. Kabla ya kuondoka Emily, ambaye hakuelezwa lolote, alimtumia Kerubo ujumbe kwenye simu. Alimshukuru kwa mandazi na kuomba radhi kwamba chombo kimepotea kwenye kufungasha. Kasichana kao kalisafiri na glavu za Friji, akaandika, kalikataa kuzivua. Kerubo alinionyesha ujumbe huo. Nilimtazama anifahamishe kama nicheke au ninyamaze, lakini yeye alikuwa ametazama picha ya watoto wake ukutani. Baadaye niliona ameufuta.

Yeye mwenyewe aliambiwa mkataba wake hautaongezwa. Walimwacha mpaka Machi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuhesabu. Miezi ile mitatu, aliniambia, karatasi zake na tiketi zililingana. Ofisi ya hesabu ilidhani hatimaye kimashine kimepona.

Taarifa ya robo mwaka ya mwisho tuliyoisoma pamoja ilitoka wiki ya safari yake. Mapato, umeme, theluji ya milimani, kuchelewa kwa uuzaji wa hisa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na mstari mmoja: idadi ya waliotembelea ukumbi wa Doha katika robo ya kwanza ya mwaka wa hesabu uliotangulia imerekebishwa kutoka 85,640 hadi 81,955.

"Basi?" aliuliza. "Stacy hawajamtaja?"

"Hawajamtaja."

"Rudia."

Nilirudia. Alichukua kalamu yangu, akapiga mstari chini ya yale maneno, akaupiga picha kwa simu na kumtumia Stacy. Ulikuwa ujumbe wa kwanza kupita baina yao kwa mwaka na miezi. Tulikunywa chai, ikaisha. Tulikunja nguo zake, tukazifunga zile sahani za harusi katikati ya mashuka. Adhuhuri simu ililia mara moja. Stacy alikuwa ameandika neno moja: "Nimeona."

Kerubo alilitazama neno hilo muda mrefu kuliko taarifa yoyote niliyowahi kumsomea. Halafu akaweka simu mfukoni.

Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Pale ambapo wasiosafiri huzuiwa, alikuwa na sanduku moja na mfuko wa sahani, na mkono wa kulia ulikuwa mtupu, kidole gumba kimetulia tuli. Nilitaka kumuuliza kama ilifaa. Badala yake nilimuuliza jambo la kipuuzi, la mtu asiyejua namna ya kuaga. Nilimuuliza ni wangapi wamepotea katika jambo hili.

Alipitisha macho juu ya foleni ya watu mbele yake, na safari hii pia hakuacha mmoja nyuma.

"Nimewahesabu wote, mwalimu," alisema. "Hata mimi."